Spika za Upande wa Baba

Gari langu la kwanza nililinunua nilipohamishiwa Matai kufanya kazi ya maabara katika kituo cha afya. Lilikuwa gari dogo la mtumba, la rangi ya fedha iliyokwisha kufifia, na mlango mmoja wa nyuma haukufunguka kabisa. Sikujali. Kwa mtu aliyezoea kusimama barabarani na ndoo ya unga akisubiri lifti, gari lenye milango mitatu inayofunguka lilikuwa jumba.

Baba aliishi Mwazye, katika nyumba tuliyokulia. Mama tulikuwa tumeshamzika. Kila ilipofika siku yake ya kliniki ya macho mjini Sumbawanga nilimfuata asubuhi, nikampakia, tukaenda. Alikaa mbele, kushoto kwangu, koti zito limefungwa vifungo vyote na kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Upepo wa Ufipa aliusema kama mtu anayemsema jirani mkorofi. "Leo ameamka vibaya," aliniambia, akipandisha kioo.

Aliniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Njiani alizungumza nami Kifipa mpaka tufike Matai, na kutoka Matai kwenda Sumbawanga akahamia Kiswahili bila mwenyewe kujua. Lami ikianza, Kiswahili nacho kinaanza. Tulipita mashamba ya mahindi, kisha ulezi, kisha vilima vitupu vya nyasi, na mara nyingine tulisimama tukiwangoja ng'ombe wa Wasukuma wavuke kwa raha zao. Wakati ule nilidhani ninampeleka mzee hospitali tu. Leo ningetoa mengi kurudi kwenye foleni ile ya ng'ombe.

Siku moja muuguzi mmoja wa kituoni kwetu, mzaliwa wa Mwazye kama mimi, alinitumia kwenye simu nyimbo za kwaya ya parokia yetu ya zamani. Mtu alikuwa ameikuta kanda kwenye sanduku la marehemu baba yake, akaomba ihamishiwe kwenye kompyuta, na sasa nyimbo zilikuwa zinasambaa simu kwa simu. Nikaziweka kwenye flashi. Safari iliyofuata, tulipotoka tu nyumbani, nikaichomeka kwenye redio bila kumwambia kitu.

Spika za gari lile zilikuwa mbili, zile zile za kiwandani, kwenye milango ya mbele. Sauti zilitoka nene na zenye vumbi, kana kwamba kwaya nzima ilikuwa imejifunika blanketi moja. Spika ya upande wa baba ilikuwa imechanika karatasi yake, ikinguruma kila besi walipoingia. Hata hivyo baba aliwajua kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Alivua kofia.

"Ni sisi," alisema.

Akaanza kuwataja mmoja mmoja kadiri walivyoingia, yule wa sauti ya kwanza aliyeolewa Namanyere, yule fundi cherehani wa besi, wengi wao marehemu. Wimbo wa pili ulipoanza akanyamaza. Akainama, sikio lake karibu liguse mlango.

"Kayamba iko wapi?" aliniuliza.

Nikasikiliza. Kinanda kilikuwepo, ngoma ilikuwepo. Kayamba sikuisikia.

"Siisikii, baba."

"Basi mimi simo," alisema, akacheka, akavaa kofia yake. Alicheka kweli, lakini hakutaja mtu mwingine tena mpaka tukafika mjini.

Nieleze kuhusu ile kayamba. Baba alikuwa mkulima, na hakuwa na sauti ya kuimba. Mama alisema akiimba kuku wanatoka bandani. Lakini mkono wake ulijua mapigo. Matete aliyakata mwenyewe kule bondeni, akayakausha juu ya jiko, akayafuma na kamba hadi yakawa kama mkeka mdogo wenye tumbo. Kazi kubwa ilikuwa mbegu za kutia ndani. Mwanzoni alitia ulezi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, na kayamba ikalia kama mtu anayenong'ona kanisani. Akajaribu maharage madogo, ikalia kama mvua ya mawe. Mwisho alikuta mbegu fulani ngumu, nyeusi, za mti wa porini, akatutuma tukaziokote. Tulipotoka shule tulizichagua kwenye ungo, zilizotobolewa na wadudu kando, nzima kando. Alipoishona na kuitikisa mara ya kwanza pale uani, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Kwa mama, hiyo ilikuwa sifa.

Jumapili, kutoka benchi la watoto, nilimwona baba amesimama pembeni mwa kwaya, kayamba imelala kwenye viganja vyake viwili, vidole gumba vikigonga mgongo wake. Sauti ile ilikuwa ikipita juu ya kinanda na juu ya watu wote. Nilikuwa nikijiambia kwamba wengine wote wanaimba, ila baba yangu ndiye anayewatembeza.

Kisha nikiwa darasa la tano aliacha. Siku ya mazoezi mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo katikati akamwambia mbele za watu, "Bwana, unakimbiza. Unatukimbiza sote." Baba akaiweka kayamba juu ya benchi, akatoka. Toka siku ile alikaa nyuma kabisa kanisani pamoja na watu wa kawaida. Mwalimu mwenyewe alifika nyumbani kuzungumza, wakanywa chai, wakaongea habari za mbolea, akaondoka. Jambo lile hawakuligusa. Hawakuwa maadui, walisalimiana kila Jumapili, lakini kwaya baba hakurudi, na sisi watoto tulijua kwamba hakuna kuuliza.

Kwa hiyo kanda ile, iliyorekodiwa kabla ya ugomvi, ndiyo ilikuwa mahali pekee baba alipobaki akipiga. Na hayumo.

Nilirudi kazini nikachukua spika za masikioni za simu, nikasikiliza wimbo ule ule nikiwa nimekaa maabara saa ya chakula. Kayamba ilikuwepo! Ilikuwa mbali kidogo, nyembamba, lakini imetulia pale juu tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo lilikuwa gari langu. Nilishikwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyegundua ugonjwa wenye dawa.

Mjini Sumbawanga, mtaa wa nyuma ya stendi, kulikuwa na fundi wa redio za magari, kijana mpole aliyezaliwa kule bonde la Rukwa katika familia ya wafugaji. Nilimweleza shida. Akafungua mlango wa kushoto, akatoa ubao wake wa ndani kwa uangalifu, na spika ikaonekana, karatasi imekauka na kupasuka, sumaku yake ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda.

"Dada, hizi za kiwandani zinawekwa ili gari lisiwe bubu tu," alisema. "Hata ingekuwa nzima, peke yake haiwezi kutoa kayamba. Spika ya mlangoni ni ya sauti nene na za katikati. Sauti nyembamba zina spika yake, twita. Gari lako halijawahi kuwa nayo."

Akanionyesha twita mbili ndogo kama vifungo vya koti. Akaeleza pia kwamba huwezi kuziunga hivi hivi. Lazima kiwepo kitu cha kugawa sauti, nene ziende mlangoni na nyembamba ziende kwenye twita. Kitu hicho wao wanakiita krosova. Kulikuwa na namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kapasita moja tu, kidude cha kukaa katikati ya waya, kikizuia sauti nene zisiingie kwenye twita. Ya pili ilikuwa boksi dogo lenye waya za kuingia na kutoka, nalo unaweza kuliambia ligawe kuanzia wapi.

"Tofauti yake kubwa?"

"Kapasita inapitisha zile nyembamba kabisa. Boksi unalipangia. Ila kwa kayamba tu, kapasita inakutosha."

Nikachagua kapasita. Tukabadilisha na spika za milango. Mpya zilikuwa pana kuliko matundu yake, akanichongea pete za mbao za kuzikalia, akaziba nafasi ndani ya mlango kwa sponji ili mabati yasipige kelele. Twita akazibandika kwenye dashibodi, pembeni, zikitazama kioo cha mbele. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la jirani nikimwangalia mpaka jua likapungua ukali.

Alipowasha, nilisimama wima. Kwaya ilikuwa imetoka kwenye blanketi. Ukasikia wanawake wanavuta pumzi kabla ya kuingia. Na kayamba, ee Mungu, kayamba ilikuwa kali, safi, karibu ya kuuma masikio. Nilirudi Matai nikirudia wimbo ule ule njia nzima, nikiwa na miaka kumi tena, nikiwa kwenye benchi la watoto.

Sikusubiri siku ya kliniki. Jumamosi ya wiki ile ile nilikwenda Mwazye, nikamkuta baba uani akipukuchua mahindi. Nikamwambia avae koti, tuzunguke kidogo. Alikaa kwenye kiti chake, nikawasha, nikamtazama usoni.

Alisikiliza wimbo mzima. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Sauti nzuri sana," alisema. "Umefanya kazi, mama. Besi wamekuwa watu sasa." Kisha akainamia mlango. "Lakini kayamba bado haipo."

Nilidhani anatania. Kayamba ilikuwa inanichoma masikio. Nikaongeza sauti. Akasema, taratibu, "Usiumie, labda ile kanda walinifuta." Nikazima, tukarudi nyumbani.

Jioni tulikaa nje kwenye viti vifupi. Mvua zilikuwa zinaishia, nyasi bado ndefu, na nyenje walikuwa wakilia pande zote, kwenye ua, kwenye mgomba, chini ya mawe ya msingi, hata nikalazimika kupaza sauti kidogo ninapozungumza. Baba alikuwa akitazama upande wa shamba.

"Unajua kitu kinachonisikitisha?" alisema. "Zamani saa hizi nyenje wangekuwa wanalia hapa. Siku hizi wamekwisha. Hizi dawa za mashambani zimewamaliza."

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka kusema ndiyo baba, dawa zimewamaliza, tuingie ndani, baridi. Lakini mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu kila siku ni kuwaandikia watu majibu, na nilijua jibu linalofichwa halipungui uzito.

"Baba," nilisema. "Wanalia."

"Nani?"

"Nyenje. Wanalia sasa hivi. Wengi sana."

Akanitazama kuona kama nacheka. Akageuza kichwa, sikio moja, kisha jingine. Akaweka kiganja nyuma ya sikio kama alivyofanya mwalimu wetu wa shule alipotutaka tuseme kwa sauti.

"Tangu lini?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewaficha.

"Sijui, baba. Imekuja polepole. Inawapata watu wengi wakikua. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka."

"Kumbe hawajafa."

"Hawajafa."

Aliguna. Baadaye akasema kwamba afadhali, maana alikuwa ameshawasema vibaya vijana wote wanaonyunyizia dawa. Nikacheka, naye akacheka, na nilipoingia ndani kuwasha jiko nililia kidogo, moshi ukanisaidia.

Siku ya kliniki ilipofika tulimaliza habari za macho, nikampeleka kwa fundi. Fundi akafuta kiti kwa mkono, akainama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu binti yangu anasema una dawa ya masikio."

"Dawa ya masikio sina, mzee. Nina dawa ya gari. Tutalisogeza gari lije mpaka masikio yako yalipo."

Nilikuwa nimemweleza kabla habari za masikio ya baba. Akanieleza na yeye, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Kayamba haina sauti moja. Ina sehemu ya juu kabisa, inayokwaruza, na ina sehemu ya chini yake, ile inayofanana na mchanga ukimwagika. Kapasita yetu ilikuwa inapitisha ile ya juu kabisa, ambayo baba hana tena. Ile ya chini ilikuwa inaangukia katikati, haiko mlangoni vizuri, haiko kwenye twita. Tukifunga krosova ya boksi, tukaiambia ianze kugawa chini zaidi, twita zitaibeba.

"Hizi ndogo hazitaweza," akaongeza. "Ukizishushia mzigo zinaungua. Inabidi twita kubwa kidogo, zenye kitambaa."

"Na zinatazama kioo," baba alisema ghafla kutoka kwenye kiti. "Mimi siko kwenye kioo. Mbona mtu anaimba akiwa amenipa mgongo?"

Fundi akacheka akakubali. Twita mpya akaziweka kwenye nguzo za kioo cha mbele, ya kushoto ikimtazama baba usoni. Krosova akaifunga chini ya dashibodi, kifuniko wazi, ili aweze kubadilisha.

Kisha kazi ikaanza, na sikuwahi kumwona baba na sura ile tangu utoto wangu. Alikaa wima, macho amefumba, mkono umeinuliwa kidogo. Fundi alikuwa amepiga magoti mlangoni, akihamisha kipini kidogo cha ile krosova kutoka tundu hadi tundu.

"Hapo je, mzee?"

"Wanawake wamekuwa wakali. Hapana."

"Na hapo?"

"Hapana. Rudisha. Hapana, si huko, ulikotoka. Hapo. Ongeza kidogo."

Fundi akaongeza. Mimi nilikuwa nimesimama nje, na kwa masikio yangu sauti ilikuwa imeharibika kidogo, katikati kumejaa, wimbo umekuwa na pua. Mtu mwingine yeyote angeomba ipunguzwe. Nikafumba mdomo.

"Kuna mtu anamwaga mchanga," baba alisema.

Vidole gumba vyake vilikuwa vimeanza kugonga magoti.

"Anamwaga... anamwaga na kuchota... Ni mimi!" Akafumbua macho. "Ni mimi huyu!"

"Ndiye wewe, mzee," fundi alisema.

Baba aliurudia wimbo ule. Akaurudia tena. Mara ya tatu niliona uso wake unaanza kukunjamana, na nikaogopa kwamba sauti imempotea. Aliinua kidole.

"Sikiliza hapa," aliniambia. "Kiitikio. Kinanda kiko hapa, mimi niko kule. Unasikia? Niko mbele." Akaacha kugonga magoti. "Mama, nilikuwa nakimbiza."

Nilitamani kumwambia hapana. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anakimbiza, kweli kabisa, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kuwasha redio. Tulipokaribia Matai ndipo akauliza kama najua mwalimu wa kwaya siku hizi yuko wapi. Nilikuwa najua. Mwalimu alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, akahamia Kasanga kwa mwanawe aliyekuwa akisimamia mizigo ya boti zinazokwenda Zambia na Kongo.

"Ni mbali?"

"Siyo mbali, baba. Tukitoka Matai tunateremka tu."

"Siku ukiwa na nafasi," alisema.

Tulikwenda mwezi wa sita, baridi ikiwa kali huku juu hata kioo cha gari kilikuwa na ukungu asubuhi. Kadiri tulivyoteremka kuelekea ziwani, joto lilipanda. Baba alifungua kifungo kimoja cha koti, kisha kingine, kisha akavua kofia, na tulipoona maji ya Tanganyika chini yetu alikuwa amebaki na shati, koti amelipakata. "Watu wanaishije kwenye tanuri?" aliuliza, akionekana kufurahi.

Mwalimu tulimkuta bandarini kwenye kivuli cha ghala, amekaa juu ya gunia, akiangalia vijana wakishusha shehena. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkononi. Walisalimiana kwa Kifipa, kirefu, wakiulizana habari za watu waliokufa na walio hai. Nilimpa shikamoo yangu, akaitikia, akaniambia nimechukua paji la uso la bibi yangu. Baba akamshika mkono.

"Njoo ndani ya gari la mtoto," alimwambia. "Kuna kitu nataka usikie."

Akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, cha kushoto, chenye twita inayotazama uso. Yeye akasimama nje, ameushika mlango uliofunguliwa. Nikawasha. Wavuvi wawili waliokuwa wakipita na ndoo za migebuka walisimama, wakasikiliza kidogo, wakaendelea na safari yao. Mwalimu alikuwa ameinua mkono wa kulia, na mkono ule, wenye mishipa na madoa ya uzee, ukaanza kuongoza kwaya. Aliingiza sauti ya kwanza. Aliwapunguza besi. Kwenye kiitikio baba alimgusa bega.

"Hapo," alisema kwa sauti kubwa, maana alifikiri kila mtu hasikii kama yeye. "Umesikia? Ulisema kweli. Nilikuwa nakimbiza. Nimekuja kukwambia."

Mwalimu hakushusha mkono mpaka wimbo ulipoisha. Kisha akamgeukia.

"Ulikuwa unakimbiza," alisema. "Lakini wale wa sauti ya kwanza walikuwa wanalala. Usingekimbiza, tungemaliza misa Jumatatu."

Baba alicheka mpaka akashika paa la gari. Mwalimu naye akacheka, akakohoa, akafuta macho. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, hata nikalazimika kumwambia baba upya maneno hayo sikioni: "Nilikuja kwako kukuomba urudi. Ile siku ya chai. Nikaishia kuongea habari za mbolea."

"Na mimi nikakujibu habari za mbolea," baba alisema.

Tulikula ugali na migebuka kwa mwanawe, baba akasifia samaki akalaumu joto, mwalimu akataka kujua nani anaongoza kwaya sasa na kama bado wanaimba na kinanda cha umeme kinachopiga ngoma chenyewe. Nilipowaambia ndiyo, walitazamana kwa huzuni ya watu wanaokubaliana kabisa.

Mwalimu alifariki mvua zilizofuata. Baba aliishi muda mrefu zaidi, masikio yakizidi kuondoka, mpaka ikawa hata ile sehemu ya mchanga imempotea na fundi hana tena tundu la kuhamishia kipini. Hakuonekana kuumia. Alikuwa ananiambia niwashe tu, yeye anajua ilipofika. Naye sasa tumeshamzika, pale Mwazye kando ya mama.

Gari bado ninalo. Watu ninaowapa lifti kati ya Matai na Sumbawanga hulalamika kwamba redio yangu ina kelele za ajabu katikati, na kijana mmoja aliniambia, "Sista, krosova yako imesetiwa vibaya, nikurekebishie, ni dakika moja tu." Nilimshukuru nikamwambia asihangaike.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ile tukirudi kutoka Kasanga. Tulikuwa tunapanda, gari linahema kwenye gia ya pili, na baridi ilikuwa imeanza kuingia. Baba alivaa koti, akafunga vifungo kuanzia chini. Akaniomba nizime redio. Nikadhani amechoka. Kumbe alitaka kunisimulia siku waliyorekodi. Walikwenda Sumbawanga nyuma ya lori la mahindi, alisema, kwaya nzima juu ya magunia, wanawake wamejifunga vitenge vichwani kwa vumbi. Waliporudia wimbo wa kwanza, mwenye mitambo akasema kayamba inafunika watu wote, mpigaji wake asogee nyuma. Akasogea. Wakarudia, akaambiwa asogee tena. Akasogea mpaka mlangoni, na mwisho akapigia nje kabisa, barazani, mlango umeachwa wazi, mvua inanyesha, haoni mkono wa mwalimu wala haoni mwenzake yeyote.

"Nilikuwa napiga kwa kukisia," alisema. "Na viatu vimelowa."

"Ulijisikiaje, baba?"

Tulikuwa tumefika juu, barabara imenyooka, na upepo ukaanza kusukuma gari kwa ubavu.

"Vizuri," alisema. "Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa nawasikia wote. Pandisha kioo."